Amani ya Kambini

Jumatatu, 23 Juni 2025

Tumefika! Siamini bado. Mimi, Baba, Mama na Dorkas — sote wanne chini ya turubai moja, ndani kabisa ya msitu wa Mgori. Nimeegemea gunia la unga. Naandika polepole makusudi, ili siku isiishe haraka.

Niandike ilivyokuwa, nikizeeka nisije nikajidanganya. Mama aliondoka nyumbani mwaka jana, mwezi wa kumi. Alisema anakwenda kwao Kinyangiri kumwangalia bibi. Bibi mwenyewe mzima wa afya, anachota maji! Akaenda na mdogo wangu Dorkas, na hawakurudi. Sababu naijua, kijiji kizima kinaijua. Lile shamba la bondeni, ambalo Mama alilisafisha visiki kwa mikono yake akapanda alizeti, Baba alimpa baba mdogo bila kumwambia Mama neno. Mama alikwenda siku moja na jembe begani akakuta watu wa baba mdogo wanalima. Hakupiga kelele. Alirudi, akafunga nguo zake kwenye kitenge. Baba naye hakuuliza anakwenda wapi. Angalau wangefokeana, ningejua pa kushika. Nikirudi likizo kutoka chuoni napikia watu wawili na kumsikiliza Baba akitafuna.

Mama amekuja kwa ajili ya mizinga tu. Ana mizinga yake, alipewa na babu mzaa baba siku alipoolewa, na kwetu mzinga haufunguliwi mwenyewe asipokuwepo. Baba alinituma mimi: mwambie mama yako mizinga yake imejaa. Nikapiga simu. Mama alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akauliza tunaingia msituni lini.

Jumamosi tunatoka. Tukifika njia panda, kushoto ni nyumbani kwetu. Kulia ni gari la kwenda mjini, na kutoka mjini mtu anaunganisha mpaka Kinyangiri. Mama ataelekea wapi? Duniani kote sina swali lingine. Wala simuulizi mtu.

Sheria ya babu ipo pale pale. Tangu moshi wa kwanza uwashwe mpaka tulipite bango la msitu, kambini hakuna ugomvi. Hakuna neno kali, hakuna kukosoana, hakuna kununa. Nyuki wanasikia, ndivyo alivyotufundisha, na wakisikia wenye mizinga wana vita huwa wakali au wanahama. Na manukato marufuku. Baba amenipeleka korongoni nikasugua losheni yote kwa mchanga. Nimepauka kama mtoto wa chekechea.

Jioni tumerina mzinga wa kwanza, wa Mama, ule mkubwa. Baba alipanda mtini, Mama akashika kamba chini kupokea ndoo. Ndoo imejaa pomoni! Baba ameshuka anacheka, masizi puani. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo.


Jumatano, 25 Juni

Leo sikufanya kitu cha maana na sijutii. Nimelala chali chini ya mti wa mtundu, nguo zinanuka moshi, nywele zinanuka nta. Upepo wa baridi unapita juu kwenye matawi lakini chini haufiki. Jua linadondoka vipande vipande kwenye blanketi. Nikawa nasikia nyuki, halafu nasikia usingizi, halafu sijui kipi ni kipi.

Nikaota mchana kweupe. Tumejenga hapa hapa. Mama anaanika alizeti juu ya turubai, Baba anachonga mzinga, Dorkas anasoma kwa sauti darasani, na darasa lenyewe ni kivuli. Hakuna anayekwenda kokote. Hata jua limekaa juu ya mninga, halina haraka. Nilipoamka Mama alikuwa anapika mlenda na nikadhani ndoto bado inaendelea.

Wanavyoongea sasa! Karibu maji, Baba Winfrida. Asante sana, Mama Winfrida. Samahani, naomba kisu. Hapana, wewe tangulia. Baba alimwekea Mama kipande cha sega juu ya jani, kile cheupe laini cha pembeni, akaliweka karibu naye na kuondoka kama mtu aliyedondosha kitu. Mama alikila chote. Alilamba na jani. Nimefurahi hadi machozi, nikasingizia moshi.

Dorkas ana miaka kumi na hana adabu hata kidogo. Ameninong'oneza kwamba Baba na Mama wanaongea kama watu waliokutana kwenye msiba wa jirani. Nikamwambia anyamaze, nyuki wanasikia. Akasema nyuki wamezoea.


Alhamisi, 26 Juni

Baridi. Umande umelowesha mpaka daftari.

Mizinga miwili ya Baba leo, mmoja mtupu. Amesema tu haidhuru. Mtu mwenyewe ni yule yule ambaye kuku akipotea nyumbani hatulali!

Mama amemshonea Baba kifungo cha koti. Alikuwa amelivaa. Nilijifanya napepeta dagaa.


Ijumaa, 27 Juni

Siku ya mwisho. Nimeamka kabla ya wote ili niwe nayo peke yangu kidogo. Ukungu ulikuwa umekaa korongoni, mweupe, na miti imesimama ndani yake mpaka kiunoni. Nikafikiri: nisipogusa kitu, nisipowasha moto, labda asubuhi haitaanza. Kisha Baba akakohoa ndani ya turubai na asubuhi ikaanza. Shikamoo, marahaba, chai.

Tumepanga mizigo tangu mchana. Inashangaza vitu vinavyojifanya vyako baada ya siku chache. Jiwe langu la kukalia. Mzizi wa kutundikia sufuria. Shimo letu la maji mchangani, Dorkas amelizungushia mawe kama bustani ya bomani na ameniuliza nani atalitunza. Nikasema nguruwe pori. Akalia! Ikabidi niseme natania, kumbe sitanii.

Alasiri nilikwenda na Mama kuosha vyombo. Huko korongoni sauti haifiki kambini. Nilikuwa nimejiandaa tangu juzi: ningeuliza kwa mbali, kwa kuzunguka, kuhusu shule ya Dorkas, kwamba shule zikifunguliwa atasoma wapi. Mama alisugua sufuria kwa majivu muda mrefu. Akasema shule zipo kila mahali.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, mbona hapa mnaishi vizuri tu. Mbona Baba amebadilika. Mbona wewe mwenyewe umeshona kifungo.

Mama aliangalia juu kidogo, kule kwenye mizinga. Halafu akasema taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo limenikata maini:

"Winfrida, amani ya kambini ni ya nyuki. Si yetu. Nimeona mengi hapa nikanyamaza, na baba yako ameona mengi akanyamaza. Kunyamaza tunajua wote wawili. Kunyamaza ndiko kulikonipeleka Kinyangiri."

Nilisuuza kikombe kimoja mara nyingi mno. Yeye akajitwika beseni akatangulia, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama siku ile ya kitenge.

Jioni tukamaliza na mzinga wa mwisho, wa Mama. Sikuweza kufurahi. Niliona kila kitu vile vile kama Jumatatu — Baba juu, moshi unamzunguka, Mama chini na kamba, uso ameuinua — lakini safari hii nilitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi ya watu anaowajua. Wazuri sana. Wanajua kusimama. Kamba ilipolegea Baba alimuuliza Mama kama mikono yake haijaumia, Mama akasema haijaumia, asante. Ilikuwa imeumia. Niliona mwenyewe wekundu kiganjani.

Sasa tumekaa kuzunguka moto, wa mwisho. Dorkas amelala kichwa mapajani kwangu. Baba anachokoa makaa, kila mara anafungua mdomo kama anataka kusema, halafu anaongeza kuni. Moto umekuwa mkubwa mpaka tumesogea nyuma sote. Mama anatazama moto. Kesho baada ya bango wataruhusiwa kusema wanachotaka, na mimi naogopa bango hilo kuliko chui. Itakuwaje iwapo hawana cha kusema? Iwapo watasema chote?

Ningekuwa na uwezo ningelihamisha bango. Ningelipeleka mbali, hadi nyuma ya nyumba yetu, hadi nyuma ya kanisa, msitu uwe popote sisi tulipo.


Jumamosi, 28 Juni. Asubuhi

Naandikia nyuma ya guta la Miraji, herufi zinaruka. Miraji ni kijana wa kijijini kwetu, Baba alimwagiza aje na guta lake la matairi matatu, na kweli amekuja mapema, shikamoo mzee, shikamoo mama, kafunga mizigo yote na kamba za mpira. Ndoo za asali katikati. Mimi na Dorkas juu ya magunia. Mama ameketi kona ya nyuma, Baba mbele ubavuni kwa Miraji, nusu ya mwili nje.

Kabla ya kuondoka Baba alizima moto kwa mchanga, akazunguka eneo lote kuokota hata kijiti cha kiberiti. Akawaaga nyuki kwa Kinyaturu, kama babu alivyokuwa anafanya. Aliwaaga kwa muda mrefu. Nadhani hakutaka kumaliza.

Njia ni ya mchanga na guta linakwenda linayumba taratibu. Miti inarudi nyuma. Nafumba macho na nahisi kwamba bado nimelala chini ya mtundu, ila mtundu ndio unatembea.

Bango lile pale.

Tumelipita.

Hakuna aliyesema kitu. Dorkas amenitazama, mimi nimemtazama yeye. Baba ametazama mbele. Miraji anapiga mluzi. Mama amefunga kilemba upya kwa sababu ya vumbi.

Mashamba yameanza, alizeti zimekauka zimeinamisha vichwa. Baba amegeuka na kumuuliza Mama kama anapata tabu na upepo. Mama amesema hapana, asante, Baba Winfrida. Asante! Tumeshatoka msituni na wanabeba asante zao! Nimeelewa sasa alichosema korongoni. Watashuka njia panda, watapeana mikono, safari njema, wasalimie, na huo ndio utakuwa mwisho wa ndoa ya wazazi wangu — hakuna hata sahani itakayovunjika.

Nimejaribu kulala ili nisifike. Guta halijali.


Jumamosi bado. Njia panda

Lazima niandike haraka. Nimekaa juu ya gunia kando ya barabara.

Tulipokaribia njia panda kulikuwa na matuta. Kwenye tuta la pili nikasikia kitu kimelia pu! kama kizibo. Mfuniko wa ile ndoo ya Jumatatu, ndoo kubwa ya Mama, umeruka ukampiga Dorkas mguuni. Povu likapanda. Povu jeupe, linachemka lenyewe, likamwagikia magunia, blanketi, viatu vyangu. Harufu ya pombe kabisa! Miraji akasimamisha guta, Baba akaruka chini, akachovya kidole, akaonja. Uso ukamshuka. Asali imechacha.

Baba akasema haidhuru. Kwa ile sauti ya kambini.

Mama alikuwa ameshashuka upande wa kulia, mkoba wake mkononi tayari. Akasimama. Akauweka mkoba chini kwenye vumbi.

"Inadhuru," akasema. "Inadhuru, Alute."

Alute! Jina la Baba ni hilo, lakini Mama hulitaja akiwa amewaka tu, na sijalisikia kinywani mwake tangu kabla ya shamba. Baba mwenyewe alishtuka kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Mama akasema aliona tangu Jumatatu. Alipopokea kamba tu aliona: masega mabichi, nyuki hawajayafunika kwa nta hata nusu, na majana, watoto wa nyuki, yamo humo humo. Mtoto mdogo anajua hayo hayachanganywi na asali iliyoiva. Na Baba akayatia yote ndani, akakandamiza, akakaza mfuniko, akashuka anacheka. Baba akauliza, kwa nini hukusema? Mama akasema kambini angesemaje, na sheria ni ya baba yake Baba mwenyewe? Baba akasema angesema kwa upole. Hapo ndipo Mama alipopaza sauti. Kwa upole! Yeye amesema kwa upole tangu Winfrida hajazaliwa! Akauliza, na huyu mtu amerina asali tangu ana meno ya utoto, anakataje masega mabichi kama mgeni?

Na Baba — Baba yangu, ambaye ukimuuliza anataka ugali au wali anajibu baada ya wali kuiva — Baba akafoka katikati ya barabara:

"Nilikuwa nakutazama wewe! Masega ningeyaona saa ngapi?"

Miraji akainama kukagua tairi ambalo halina shida yoyote. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikabaki na mdomo wazi, povu linanitiririkia miguuni.

Nikadhani Mama atalegea. Wapi! Ameona mlango umefunguka na ameingia mzima mzima. Akasema kama ana macho mazuri hivyo ya kumtazama, mbona hakumtazama siku alipolitoa shamba? Limetajwa. Miezi yote hii halijatajwa na mtu, na sasa limetajwa mbele ya Miraji na mbuzi wa watu. Baba akasema mdogo wake alikuwa hana pa kulima. Mama akasema hilo analijua, anajua pia watoto wa baba mdogo wanakula nini, na labda yeye ndiye angesema wapewe. Labda! Nani alimuuliza?

"Niliogopa," Baba akasema.

"Uliogopa nini?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Siku ya kwanza ningekataa. Kwani nikikataa ndiyo unakufa?"

Baba akasema na yeye pia, siku ile ya kitenge, hakuambiwa kitu. Aliona mke anaondoka anasema bibi mgonjwa. Alisimama nyuma ya zizi mpaka jioni. Sikujua hilo. Mama naye nadhani hakujua, maana alinyamaza kidogo, lakini si ule unyamavu wa siku zote. Huu ulikuwa wa mtu anayetafuta neno kubwa zaidi. Amelipata. Amesema mtu mzima anayejificha nyuma ya zizi asilalamike hakuonekana.

Wanaendelea. Wanarukia hili na lile. Wamefika kwenye ng'ombe wa mwaka juzi, wamefika kwa mama mkubwa, wamerudi kwenye ndoo. Baba ameanza kuitoa ndoo kwenye guta, Mama amemwambia aache, anaimwaga zaidi, ameshika upande wa pili. Sasa wameishika wote wawili na hakuna anayeachia, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Dorkas amekaa karibu yangu, analamba vidole, anasema ni tamu kama togwa. Ameniuliza kama wanaachana. Nimemwambia sijui. Ni kweli sijui. Lakini moyo unanienda mbio kwa namna ambayo haukwenda kwa miezi yote hii, na si hofu, au si hofu peke yake.

Noah ya abiria ya mjini imekuja! Imesimama upande wa kulia, karibu kabisa na mkoba wa Mama. Konda ametoa kichwa, anapiga bati, mjini, mjini, nafasi moja ya mbele. Amemwamkia Mama shikamoo na kumuuliza kama apakie mkoba.

Mama hakugeuka. Amesema, "Nenda, mwanangu. Sijamaliza na huyu."

Konda ametazama ndoo, amemtazama Baba, amepiga bati mara mbili. Noah imeondoka na vumbi lote limetuangukia sisi. Mama amepiga chafya mbili kubwa, akajifuta pua kwa bega kwa sababu mikono ina asali, na akaendelea pale pale alipoishia.